Theluji Iliyoitwa Baridi, na Maziwa Matatu Yaliyofanywa Moja

Wasafiri wa zamani tunawanukuu kama mashahidi walioapishwa. Mara nyingi hatujui hata walichokiandika; tunasimuliana tu.

Dhana: Ahmad ibn Majid ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India

Hii imezoeleka mpaka darasani: kwamba Ibn Majid, baharia bingwa wa Kiarabu, ndiye aliyewaongoza Wareno. Kwamba Wareno walipata rubani Malindi mwaka 1498 ni kweli. Ila maandishi ya Wareno wenyewe yanamtaja Mgujarati. João de Barros, mwanahistoria wao, anamwita Malemo Caná, na hilo "Malemo" ni muallim wa Kiarabu, neno lile lile lililotupa mwalimu. Jina la Ibn Majid limetoka kwa al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo mingi baada ya safari, akidai kwamba bingwa huyo wa bahari alileweshwa ndipo akaitoa siri ya njia. Mzee wa watu kabambikiwa ulevi na usaliti kwa pamoja, nasi tunaupokea huo usaliti kama sifa!

Dhana: Kilwa ilikuwa mji wa nyumba za miti, majengo ya mawe yakaja na wageni

Wanaosema hivi humtegemea Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, na kutaja ujenzi wa miti. Lakini sultani huyo huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe ambalo magofu yake yapo mpaka leo Kilwa Kisiwani. Na msikiti mkuu ulianza kujengwa kwa mawe kabla hata Ibn Battuta hajazaliwa. Ikumbukwe kwamba kumbukumbu zake ziliandikwa Moroko zaidi ya miaka 20 baada ya safari, yeye akisimulia, mwingine akiandika. Wareno walipofika, mji wa mawe waliukuta umesimama. Mwaka 1505 wakaupora.

Dhana: Rebmann ndiye aliyegundua theluji ya Kilimanjaro

Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai, aliona weupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake wa njia, akajibiwa: baridi. Basi. Jibu lenyewe linaonyesha kwamba jambo lilikwisha kujulikana, na Wachagga waliishi chini ya weupe huo siku zote. Asiyejua alikuwa mtaalamu wa jiografia wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, lakini alibisha kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Ubishi huo ulipungua nguvu msafiri Mjerumani, Karl Klaus von der Decken, alipoupanda mlima mwaka 1861 na 1862, ingawa kileleni hakufika.

Dhana: wazungu ndio waliotuchorea ramani ya maziwa yetu

Ramani waliichora, tena ya ajabu. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari kwa watu wa misafara, kila mmoja akieleza ziwa analolijua mwisho wa njia yake. Wamisionari wakayaunganisha yote kuwa ziwa moja kubwa katikati ya bara, limejikunja kama konokono aliyevuliwa nyumba yake. Waliosimulia hawakukosea, waliosikiliza ndio waliochanganya.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitumwa kwenda kulitazama ziwa hilo. Novemba 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Speke akamkunjulia ramani, akauliza Nyasa iko wapi. Snay akamjibu kwamba Nyasa ni ziwa jingine, liko kusini; la Ujiji, yaani Tanganyika, ni ziwa la peke yake; na lile la Ukerewe, yaani Viktoria ya leo, liko kaskazini, kubwa kuliko la Ujiji. Maziwa matatu yakatenganishwa pale pale barazani, na Waingereza wale walikuwa hawajaliona hata moja.