Je, wajua kwa nini mshono wa tatu hubadilisha hesabu ya mtoto wa nne?

Mwanamke wa Unguja au Pemba aliyezaa watoto watatu kwa kupasuliwa hukutana na kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza huisikia wodini, pale daktari anapomruhusu kwenda nyumbani na kumwambia kwamba sasa basi. Ya pili huisikia nyumbani, arobaini ikishapita, kutoka kwa mawifi na mashangazi wanaomjua fulani wa mtaa wa pili aliyepasuliwa mara tano na bado kila msimu anakwenda shamba kuchambua karafuu. Kauli zote mbili zaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ndiyo maana haisaidii kuzishindanisha. Utabibu haujaweka idadi ya upasuaji ambayo mtu akiivuka hufa. Unachokijua ni namna hatari inavyopanda kila mji wa mimba unapokatwa tena mahali penye kovu.

Jambo zito kuliko yote ni la kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida kondo hukaa juu ya utando uliotandikwa ndani ya mji wa mimba mfano wa mkeka, na utando huo ndio unaolizuia lisichimbe hadi kwenye msuli. Mtoto akishazaliwa, kondo hubanduka pamoja na mkeka wake, msuli hujikaza na mishipa ya damu hubanwa ikafunga. Mahali palipokatwa na kushonwa, mkeka huo hurudi ukiwa mwembamba au haurudi kabisa. Mimba ikijipachika hapo, kondo hutia mizizi ndani ya kovu na msuli, na wakati mwingine hupenya hadi kwenye kibofu cha mkojo. Anayetaka kuliona hilo kwa macho na autazame mti ulioota kwenye ukuta wa nyumba bovu ya Mji Mkongwe: mizizi hufuata nyufa za chokaa, na siku ya kuung'oa hutoka pamoja na mawe. Hapa kinachotoka ni damu. Mimba inapokaribia kutimia, mji wa mimba hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kwa kila dakika, ilhali damu yote ya mwili wa mama ni kama lita tano au sita. Ndiyo maana daktari anayelikuta kondo la namna hiyo mara nyingi haligusi, bali hukitoa kizazi chote pamoja nalo ili mama abaki hai.

Hatari hiyo imepimwa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 19 za Marekani kati ya mwaka 1999 na 2002 uliwafuata wanawake 30,132 waliopasuliwa kabla uchungu haujaanza. Kondo lililozama lilionekana kwa asilimia 0.24 ya waliokuwa wakipasuliwa mara ya kwanza, 0.31 mara ya pili na 0.57 mara ya tatu. Mara ya nne ikaruka hadi asilimia 2.13, na kwa waliofika mara ya sita au zaidi ikawa 6.74. Waliotolewa kizazi walikuwa asilimia 0.42 katika upasuaji wa pili, 0.90 katika wa tatu, 2.41 katika wa nne, na karibu 9 katika wa sita na kuendelea. Hesabu hizi zisomwe kwa uangalifu, kwani wengi huzikosea: mara ya nne maana yake ni mama mwenye mishono mitatu anayekwenda kuchukua wa nne. Kwa mama huyo, kama mmoja kati ya 41 alirudi nyumbani bila kizazi, na 40 walirudi nacho. Fulani wa mtaa wa pili yumo katika hao 40, na daktari anayesema basi anamkumbuka yule mmoja, pengine kwa sababu alikuwapo usiku ule.

Hata hivyo, idadi ya mishono peke yake haisemi yote. Katika utafiti huohuo walitazamwa kando wale ambao kondo lao lilikaa chini na kuziba mlango wa mji wa mimba, yaani pale pale kovu lilipo. Kwao kondo lilikuwa limezama kwa asilimia 3 katika upasuaji wa kwanza, 11 katika wa pili, 40 katika wa tatu na 61 katika wa nne. Mama mwenye mishono mitatu ambaye kondo lake limekaa juu, mbali na kovu, na mwenzake mwenye mishono mitatu ambaye kondo lake limeziba mlango, wanabeba mimba mbili tofauti kabisa ingawa kadi zao za kliniki zinafanana. Ugumu ni kwamba uamuzi wa kuzaa tena hufanywa kabla ya mimba, na mahali kondo litakapokaa hapajulikani mpaka mimba iwe imeshaingia. Kwa maoni yangu, basi, swali la kujiuliza mapema ni hili: ikitokea kondo limekaa pabaya, je, mama ataweza kufika na kukaa karibu na hospitali yenye damu, mtaalamu wa usingizi na madaktari wa kutosha?

Kwa mtu wa Pemba swali hilo lina bahari ndani yake. Hospitali ya Abdalla Mzee iko Mkoani, kusini ya kisiwa, na Micheweni iko kaskazini kabisa. Rufaa kubwa huishia hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ng'ambo ya mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi, ambao wakati wa kusi haumwonei huruma hata msafiri mzima. Mama ambaye kondo lake linatiliwa shaka hapaswi kuusubiri uchungu Wete au Konde. Anapaswa kuhamia kwa jamaa mjini Unguja wiki kadhaa kabla, na ndugu wenye afya wachangie benki ya damu mapema badala ya kutafutwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Matatizo mengine ni mepesi zaidi, ila hayapuuziki. Kila upasuaji huacha nyuzi za kovu zinazogandisha mji wa mimba na kibofu, utumbo au ukuta wa tumbo, kwa hiyo kumfikia mtoto huchukua muda mrefu kuliko mara iliyopita na kibofu huweza kujeruhiwa njiani. Daktari aliyempasua mama mara ya mwisho aliyaona hayo kwa macho yake, na alichokiona kina thamani kuliko ubashiri wa mtu yeyote. Mama aombe aandikiwe: viungo vimegandana kiasi gani, kovu lilikuwa jembamba au nene, na mji wa mimba ulikatwa vipi. Hilo la mwisho halisomeki kwenye ngozi. Mshono wa nje uliolala chini ya kitovu waweza kuficha mkato wa kusimama uliopanda hadi sehemu ya juu ya mji wa mimba, ambao huweza kuachia kwa urahisi zaidi kuliko ule wa kulala wa sehemu ya chini, uliosambazwa na daktari Munro Kerr wa Glasgow katika miaka ya 1920 na unaotumika zaidi hadi leo.

Muda nao umo katika hesabu. Arobaini huponya ngozi, lakini kovu la ndani huendelea kujijenga kwa miezi mingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Ushauri huo si mgeni visiwani, ambako Aya ya 233 ya Suratul Baqarah inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili inajulikana na wengi. Tahadhari ni kwamba kunyonyesha peke yake huzuia mimba kwa uhakika katika miezi sita ya mwanzo tu, tena kwa mama ambaye hajaona hedhi na mtoto wake hapewi uji wala maji. Baada ya hapo panahitajika njia nyingine, iwe sindano, kijiti au kitanzi.

Wanaofikiria kufunga kizazi wakati wa upasuaji wenyewe walizungumze kliniki, mume akiwapo, wala wasingoje kuulizwa wakiwa wamelala mezani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliruhusu kupanga nafasi kati ya watoto kwa njia za muda na kwa maridhiano ya mume na mke, na likakataza kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa isipokuwa kwa dharura. Kama mishono mitatu na viungo vilivyogandana ni dharura kwa mama fulani, daktari ndiye wa kueleza hali ya mwili, kisha familia impelekee shekhe wake maelezo hayo yakiwa kamili.

Na mama ambaye mimba imeshaingia asiogope kwenda kliniki kwa kuhofia kukemewa. Ultrasaundi ya wiki za mwanzo huonyesha kama mimba imejipachika ndani ya kovu, na ya karibu wiki ya 20 huonyesha kondo limekaa wapi. Kondo likithibitika kuwa limezama, mtoto kwa kawaida hutolewa kati ya wiki ya 34 na 36, kabla uchungu haujaja, na nauli ya boti iwe imekwisha kuwekwa kando.