Hofu ya kusema mbele ya mkutano: maana yake, na namna hoja iliyo wazi inavyoipunguza

Hofu ya kusema hadharani ni hali inayoushika mwili na akili ya mtu anapojua kwamba watu wengi wanamsikiliza na kwamba watayapima maneno yake. Haimaanishi kwamba hana la kusema, wala si dalili ya uoga wa tabia. Katika madiko ya mwambao wa Tanga, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapofika na samaki kuuzwa, yuko mama anayenunua samaki mnadani kila alfajiri, akipandisha na kushusha bei mbele ya wavuvi na wachuuzi bila kigugumizi, lakini siku ya mkutano wa kijiji, akitaka kusema kwamba diko halina choo wala maji safi, koo linamkauka na anarudi nyumbani na neno lake. Mnadani anajua hasa anachokitaka, yaani samaki kwa bei fulani. Mkutanoni amebeba uchungu wa muda mrefu ambao bado hajaugeuza kuwa ombi, na mbele yake wameketi wazee, Mtendaji wa kijiji, na mashemeji zake.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, mate hupungua, na mikono hutetemeka kwa sababu misuli imeandaliwa kukimbia au kupigana. Mwili hufanya hivyo hata pale ambapo hatari yenyewe ni macho ya watu tu. Kwa wengi hali hii huwa kali zaidi muda mfupi kabla ya kusimama na katika sentensi za mwanzo, kisha hushuka kadiri maneno yanavyotoka, kwa hiyo anayejihukumu kwa namna alivyojisikia akiwa bado kwenye mkeka anajipima wakati usiofaa. Kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta, husaidia kuyatuliza mapigo ya moyo, na jambo hilo linaweza kufanywa kimya kimya wakati mtu mwingine akiendelea kuzungumza.

Zaidi ya hayo, msemaji hudhani kwamba kila mtu anauona mtetemo wake. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wasemaji hukadiria hofu yao kuwa inaonekana kuliko inavyoonekana kweli, na kwamba wale walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao wenyewe na ya wasikilizaji. Naliona hili kuwa la faraja kubwa, kwa sababu maarifa yenyewe yanapunguza mzigo.

Katika mwambao wetu hofu hii huchanganywa mara nyingi na haya, na kuchanganya huko kumewanyamazisha watu wengi, hasa wanawake na vijana. Haya ni adabu, na adabu haimkatazi mtu kusema, bali humwelekeza namna ya kusema. Tena desturi zetu za heshima zinamsaidia mwenye hofu. Anayesimama na kusema, “Assalamu alaikum. Shikamooni wazee wangu. Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mtendaji, na wanakijiji wenzangu,” ametamka maneno anayoyajua tangu utoto katika zile nukta ambazo hofu ni kali kuliko zote, na amesikia watu wakimwitikia. Anapoifikia hoja, sauti yake imekwisha kufunguka. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaofundisha kwamba salamu zirukwe ili kuokoa muda.

Hata hivyo salamu hazitoshi, na hapa ndipo kiini cha jambo kilipo: sehemu kubwa ya hofu hutokana na hoja ambayo mwenyewe bado haijamkaa sawa. Anayesema, “Sisi kina mama tunateseka pale dikoni na hakuna anayetujali,” amesema kweli, lakini mkutano hauna cha kuamua, na katibu hana cha kuandika. Angesema, “Wanaokaanga na kuuza samaki dikoni hawana choo, wanaingia kwenye mikoko, na uchafu unarudi palepale tunapooshea samaki. Naomba mkutano uamue kijiji kitenge eneo la choo, na taarifa ya utekelezaji isomwe mkutano ujao,” angekuwa ametaja hali, madhara na uamuzi anaoutaka. Kipimo ninachokiamini ni kujiuliza kama ombi linaweza kuandikwa kwenye muhtasari kwa sentensi moja. Kama haliwezi, kazi bado iko nyumbani, na hofu anayoihisi mtu huenda ni akili yake inayomwambia hivyo.

Kuujua utaratibu nako hutuliza moyo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kwa hiyo anayezungumza pale hajaomba fadhila. Jambo zito lipelekwe mapema kwa Mtendaji ili liingie kwenye ajenda, kwa maana likisubiri “mengineyo” litafika watu wakiwa wamechoka na wengine wamekwisha kwenda kusali.

Maandalizi yenyewe hayahitaji mengi. Hoja isemwe kwa sauti, si kimoyomoyo, mbele ya jirani wawili watatu, na swali wanalouliza zaidi ndilo lijibiwe kwanza siku ya mkutano. Kukariri hotuba nzima ni hatari, kwa sababu neno moja likipotea yote hupotea. Karatasi yenye maneno machache yatosha. Kipaji cha kusimama mbele ya watu huweza pia kutoka mahali pengine: Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kujiunga na TANU kuanzia mwaka 1955, alikuwa kabla ya hapo mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Mama wa Tanga anayeongoza nyimbo kwenye harusi au kasida kwenye maulidi amekwisha kuizoea hadhira, ila hajaihesabu kuwa ni mazoezi.

Iko hofu nyingine ambayo pumzi na mazoezi havitaiondoa, nayo ni hofu ya madhara ya kweli. Mtu anayetaka kusema juu ya uvuvi wa baruti, ambao umeharibu matumbawe ya pwani hii kwa miaka mingi, huenda anawajua wahusika na wao wanamjua. Kumwambia ajiamini ni kumkosea. Hapo hoja isiwe ya mtu mmoja: itolewe kwa barua ya kikundi, isemwe na watu kadhaa waliokubaliana maneno, na iombe hatua kwa ujumla bila kutaja majina mkutanoni.

Na mwenyekiti akijibu kwamba jambo limesikika, msemaji ana haki ya kuuliza kwa upole nani atalishughulikia na lini, na kuomba jibu hilo liandikwe. Mkutano unaofuata, muhtasari uliopita utasomwa, na chini ya “yatokanayo” hatalazimika kueleza upya shida ya diko wala kujitetea, bali atauliza tu kwamba lile eneo la choo limefikia wapi.