Mfalme George VI Afrika Kusini, 1947: mnayoyarudia na yaliyotokea

Kila muhula nasahihisha insha zenye sentensi ileile: "Mfalme alikwenda kutembelea koloni lake la Afrika Kusini." Nimechoka kuizungushia wino mwekundu.

Mwaka 1947 Afrika Kusini haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa dominioni, yaani nchi iliyojitawala huku ikiwa na mfalme yuleyule wa Uingereza. Tangu Sheria ya Westminster ya 1931 ilijitungia sheria yenyewe, na mfalme alifuata ushauri wa mawaziri wa huko, si wa London. Alipofungua Bunge Cape Town Februari ile, alilifungua kama Mfalme wa Afrika Kusini, kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Jan Smuts. Basi hoja ya "angeamuru tu ubaguzi ukome" haina miguu. Hata kuwapa mkono askari Waafrika aliokuwa akiwatunuku nishani serikali hiyo haikutaka. Na hao ndio waliotoka vitani, ambako sera ya jeshi lao iliwanyima bunduki. Lakini Treni Nyeupe, treni ya ziara yake, ilipomfikisha kwenye safari za Basutoland, Swaziland na Bechuanaland (leo Lesotho, Eswatini na Botswana), maeneo yaliyokuwa chini ya Uingereza moja kwa moja, huko mwenye kauli alikuwa London. Ziara moja, mamlaka mbili. Asiyelielewa hili asiendelee na sura inayofuata.

Kwa Watanzania mfano uko nyumbani: Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ila Malkia alibaki mkuu wa nchi hadi jamhuri ya Desemba 1962. Je, Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu alikuwa akingoja amri za Buckingham?

"Wote walishangilia." Umati ulikuwa mkubwa, sikatai. Ila vyama vya Indian Congress vya Natal na Transvaal viliita watu waisusie ziara, na Makaburu wengi wa chama cha Malan, mpinzani wa Smuts, hawakuwa na haja na mfalme wa Kiingereza.

"Ziara ilimwokoa Smuts." Mei 1948 alishindwa uchaguzi, na kiti chake cha ubunge cha Standerton kikaenda. Malan akaingia na apartheid.

"Elizabeth alipata umalkia katika ziara hiyo, juu ya mti Kenya." Mnachanganya safari mbili! Cape Town, 21 Aprili 1947, alitimiza miaka 21 na kutoa ile hotuba ya redioni ya kujitolea maisha yake yote. Kenya ni Februari 1952, akiwa njiani kwenda Australia na New Zealand. Baba yake, Mfalme George, akafariki, naye akawa malkia papo hapo. Na taji hakuvishwa Kenya, alivishwa London, Juni 1953. Andikeni mwaka pembeni ya kila tukio, nimesema mara ngapi?