Hisa ya kisanduku na hisa ya soko

Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kufunga kisanduku, mama mmoja wa AVEC yetu, kundi letu la kuweka akiba na kukopeshana la hapa Kadutu, Bukavu, alinivuta pembeni. Kijana wake anafanya kazi Nairobi na amemnunulia hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya sekretere, ile hisa ya mutoto njo itarudi siku gani?"

Ni mara ya tatu mwaka huu ninasikia swali hilo. Mara ya kwanza aliyeuliza alikuwa kijana anayesoma uchumi. Mara ya pili halikuwa swali, ilikuwa ahadi: mtu alisimama mbele yetu na mabango mazuri, akatuambia tununue hisa za kampuni yake, na baada ya miezi kumi na miwili tungerudishiwa hisa zetu na faida juu yake. Wanawake walipiga makofi. Ahadi hiyo waliifahamu, maana ndivyo kisanduku chetu kinavyofanya kila mwaka.

Kwanza maana yenyewe, kwa haraka. Hisa ni fungu moja la kampuni. Kampuni ikiwa na mafungu milioni moja, nawe una kumi, basi una kumi kwa milioni ya faida ikigawanywa, ya kura kwenye mkutano mkuu, na ya kitakachosalia siku kampuni ikifungwa na wote wanaoidai wakishalipwa. Soko la hisa ni mahali watu wanapouziana mafungu hayo, kwa kupitia dalali mwenye leseni. Gawio ni ile sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwapa wenye hisa. Mwaka mwingine inatoa, mwaka mwingine haitoi. Hatifungani si hisa: ni mkopo unaoipa serikali au kampuni, una riba na una tarehe ya kulipwa. Kongo bado hatuna soko la hisa. Kigali lipo, Kampala lipo, Nairobi, Dar es Salaam na Lusaka yapo.

Sasa neno lenyewe. "Hisa" limetoka kwenye Kiarabu, ambako ni fungu la mtu katika kitu kinachogawanywa. Marehemu akiacha shamba na watoto wanne, kila mmoja ana hisa yake. Kwa hiyo AVEC hazikukosea kuita hisa kile tunachonunua kila wiki. Tena ukilitazama neno lilikotoka, sisi ndio tuliolishika vizuri zaidi, kwa sababu kwetu kugawana kunafanyika kweli, mezani, macho ya wote yakiona.

Kwa asiyejua AVEC: ni kundi la watu kumi na tano hadi thelathini hivi wanaojuana. Kila kikao unanunua hisa moja hadi tano, bei ni ileile tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, na kila hisa inapigiwa muhuri kwenye kitabu chako. Makuta, yaani fedha, yanaingia katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Anayehitaji anakopa humo na kurudisha na riba. Mzunguko ukiisha, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, tunahesabu yote na kugawanya kwa idadi ya hisa. Tuseme hisa ilikuwa franga 2,000, na kundi zima lilinunua hisa 1,500: ni franga 3,000,000. Riba na faini zikileta 600,000, jumla ni 3,600,000, na kila hisa inarudi ikiwa 2,400. Aliyenunua mia moja anaondoka na 240,000. Kisanduku kinabaki kitupu, na tunaanza upya.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo moja ambalo tumelizoea hata hatulioni tena: anayekurudishia ni kundi lenyewe. Hisa yako ni deni la kisanduku kwako, na kila mtu anajua tarehe ya kulilipa. Ndiyo sababu kwetu "hisa" na "akiba" zimekuwa neno moja. Na waliojiunga na COOPEC, yaani ushirika wa akiba na mikopo, wanajua kwamba hata kule, mchango wa uanachama unarudishwa ukiaga. Mtu aliyelelewa katika desturi hizo akisikia "hisa za Nairobi", atauliza tu zitarudi lini. Sioni ujinga katika swali hilo.

Ila kwa hisa ya soko jibu ni kwamba hairudi. Kampuni haina deni lako. Ukitaka makuta yako, unatafuta mtu mwingine wa kununua fungu lako, na atakupa bei ya siku hiyo, iwe juu au chini ya ile uliyolipa. Kampuni yenyewe haitoi hata franga moja. Inabadilisha tu jina kwenye daftari la wenye hisa.

Tofauti hii ina mwaka wake, na kwangu historia hiyo inaeleza kuliko mafunzo mengi. Sisi tuliosoma Kifaransa hisa tunaiita "aksyo". Wafaransa walichukua maana hiyo kwa Waholanzi, waliosema "actie", na mzizi wake wa Kilatini ulikuwa neno la mahakamani: haki ya kudai. Mwenye aksyo alikuwa mtu anayeweza kusimama na kudai chake. Na kweli, mwishoni mwa miaka ya 1500, wafanyabiashara wa Amsterdam walikuwa wakifanya karibu kama AVEC. Walichanga fedha kwa safari moja ya merikebu kwenda Asia kuleta pilipili manga na karafuu. Merikebu zikirudi, mzigo unauzwa, kila mmoja anapewa mchango wake na faida, na hesabu inafungwa. Safari nyingine, mchango mwingine. Mzunguko, kama wetu, ila kisanduku kilikuwa baharini na kiliweza kuzama.

Mwaka 1602 kampuni hizo ndogo ziliunganishwa kuwa moja, Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Wakazi waliitwa kuandikisha michango, wakubwa kwa wadogo. Hata mfanyakazi wa ndani wa mmoja wa wakurugenzi aliandikisha gilda 100. Hati ya kampuni iliahidi kwamba baada ya miaka kumi hesabu ingefanywa na anayetaka angetoa chake. Gawio la kwanza lililipwa mwaka 1610, tena kwa basibasi, ile inayozunguka kokwa la kungumanga. Halafu 1612 ikafika, na kampuni haikurudisha mchango wa mtu. Fedha zilikuwa zimeshageuka merikebu, ngome na maghala huko mbali, na wakurugenzi wakapata ruhusa ya serikali kuendelea nazo.

Waliokuwa na shida ya fedha wangefanya nini? Walifanya kile ambacho wenzao walikuwa wameshaanza tangu siku za mwanzo: kumtafuta mnunuzi. Muuzaji na mnunuzi walikwenda pamoja ofisini, na mtunza hesabu akahamisha fungu kutoka jina moja kwenda jingine. Soko la hisa, kwa asili yake, ni mlango wa kutokea uliotumika kwa sababu mlango wa kurudishiwa ulifungwa. Nikiwaeleza hivyo wenzangu wa AVEC, wanaelewa palepale, bila ubao wala michoro.

Narudi sasa kwa yule mama na Safaricom yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo, robo nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Fedha zilikwenda kwa serikali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na hisa hizo. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya shilingi 3. Wapo waliouza wakati huo kwa hofu, na hakuna aliyewafidia zile mbili walizopoteza, wala hawakuwa na mtu wa kumdai. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40. Katika miaka hiyo yote hapakuwa na siku ya kugawana. Kulikuwa na magawio, na kulikuwa na bei ya kila siku. Basi.

Hapo pia gawio linachanganywa na mgao wetu wa mwisho wa mzunguko. Sisi tukigawana, unapewa mchango wako pamoja na faida, na hisa inakufa. Gawio ni faida peke yake, na hisa inabaki mkononi mwako. Usipoitambua tofauti hiyo unaweza kupewa makuta yako mwenyewe, kidogokidogo kila mwezi, ukaambiwa ni gawio, ukafurahi na kuwaleta jirani zako. Wazee wanaikumbuka Bindo ya Zaire ya mwaka 1991, iliyopokea makuta ya watu na kuahidi kuyarudisha yakiwa yamezaa mara nyingi, mpaka ikaanguka na makuta ya wengi ndani yake. Yule mtu wa mabango naye aliahidi vitu viwili visivyokaa pamoja: aliziita hisa za kampuni, na akaziwekea tarehe ya kurudi. Chenye tarehe ya kurudi ni mkopo. Kama ni mkopo, aseme ni mkopo, aonyeshe anafanya nini nao, na atatulipa vipi akishindwa. Nilimuuliza hayo mbele ya watu. Hakurudi wiki iliyofuata, na nashukuru hakuna aliyekuwa ameshatoa.

Sheria yetu nayo inatenganisha. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, kampuni ndogo ya aina ya SARL ina "parts sociales", na kampuni ya aina ya SA ina "actions". Ya kwanza unaweza kuihamisha, ila kumpa mtu wa nje kuna masharti. Ya pili ndiyo iliyotengenezwa iweze kuuzwa sokoni. Kwa hiyo rafiki akikuambia anakuuzia aksyo za duka lake la Nyawera, muulize kwanza duka limeandikishwa kama nini.

Neno "bourse", ambalo kwa Kifaransa ni soko la hisa, silisumbukii sana, ingawa hapa Bukavu ukilitamka kila mtu anafikiri umepata msaada wa masomo. Yote mawili yametoka kwenye mfuko wa ngozi wa kuwekea fedha, na lile la soko lilipitia kwa ukoo wa Van der Beurze wa mji wa Bruges, ambao wafanyabiashara walikutana kwenye nyumba yao ya wageni. Hapo atakayechanganya hapotezi kitu.

Yule mama nilimwambia: usimuulize kijana hisa zitarudi lini, muulize leo zinanunuliwa bei gani, na gawio la mwaka huu ni kiasi gani. Akarudia maswali hayo mawili mara mbili ili asiyasahau, akaenda kununua vocha ya simu.

Na kwetu pia nimeomba badiliko dogo. Siku ya kugawana nimezoea kutangaza, "njooni mupokee hisa zenu." Mzunguko huu nitasema, "njooni mupokee akiba yenu na faida yake." Neno hisa litabaki kwenye vitabu na mihuri kama zamani.