Mita ya zamani, laptopu mpya: adapta ya GPIB ya bei poa

Maabara nyingi za vyuo ukifungua kabati utakuta mita au jenereta ya Hewlett-Packard ya miaka ya 80, inawaka fresh, inapima vizuri kuliko vidude vingi vipya, ila nyuma haina USB. Ina soketi pana ya pini 24, mtu akiiangalia anasema aah hii si ya printa, basi inarudi kabatini. Si ya printa bana. Hiyo ni GPIB, laini ya kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta, HP waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 60 wakaiita HP-IB, mwaka 1975 ikawa standadi ya IEEE 488, na laini moja inabeba mpaka vifaa 15, kila kimoja na adresi yake.

Adapta ya dukani ya kuipeleka kwenye USB ipo, ila ni mamia ya dola, ukipeleka hiyo oda kwa bosi atakuuliza kwa nini usinunue mita mpya tu. Mimi natumia Arduino Nano ya kopi (kabodi kadogo unakokapakia programu), ile yenye chipu ya USB ya CH340, naipakia programu ya bure inaitwa AR488, soketi naikata kwenye kebo mbovu. Hela inayotoka ni makumi ya elfu tu ya shilingi.

Sasa swali linalokuja kila mara: kakitu ka megahezi 16 kataiwezaje laini inayofika megabaiti 1 kwa sekunde? Hapo ndo uzuri wa GPIB, haimlazimishi mtu mwendo. Waya 8 ni za data, 5 za usimamizi, 3 za kupeana zamu, zilizobaki ni graundi na shildi. Zile 3 zinafanya kazi kama mwalimu wa imla: hasomi neno mpaka kila mtoto ainue kalamu, na haendi neno linalofuata mpaka yule wa mwisho kabisa amalize kuandika. Waya hizo zinaitwa NRFD, DAV na NDAC: msikilizaji ambaye hayuko tayari anaivuta NRFD chini, wakiwa tayari wote inapanda, msemaji anashusha DAV kumaanisha data iko kwenye waya, kisha anasubiri NDAC ipande, nayo haipandi mpaka wote wameipokea. Kwa hiyo Arduino ikiwa slow, mita inasubiri tu, hakuna baiti inayopotea. (Na usichanganyikiwe ukiweka mita ya volti pale, kwenye laini hii volti sifuri ndo "kweli".)

Volti ni 5 zile zile za Nano, kwa hiyo unaunganisha moja kwa moja. Raspberry Pi usijaribu hivyo hivyo, pini zake ni za volti 3.3 utaziua. Ila kuna sehemu moja ya kutobana hela: standadi inataka kila waya uweze kuvuta miliampea 48, na pini ya Arduino inavuta vizuri kama 20, 40 ndo mwisho kabisa. Kwa kifaa kimoja au viwili na kebo fupi inaenda bila shida, mimi natumia hivyo. Ukitaka rafu nzima ya vifaa weka chipu za SN75160 na SN75161 katikati, vinginevyo utapata makosa ya ajabu ajabu usiyoelewa yanatoka wapi.

Kwenye kompyuta inaonekana kama poti ya serial tu, spidi 115200. Unaandika ++addr 23 kuchagua kifaa, halafu F1RAN5 kwa mita ya HP 3478A, yaani volti za DC, renji ijichague yenyewe, tarakimu tano na nusu, kisha ++read unapata namba. *IDN?, amri ya kukiuliza kifaa jina lake, usihangaike nayo kwa vifaa vya umri huo, amri hiyo imekuja na standadi ya 1987. Na ukifungua poti Nano inajirestati, ipe sekunde mbili kabla hujatuma kitu, au weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND baada ya kupakia programu.

Kwangu faida kubwa kuliko kurekodi vipimo ni hii: 3478A inatunza kalibresheni (namba za kurekebisha vipimo viwe sahihi) kwenye memori inayoshikiliwa na betri ya lithiamu ya volti 3 iliyochomewa kwenye bodi, betri ikifa kalibresheni imeenda. Adapta inakuwezesha kuinakili kabla ya kubadilisha betri. Unatuma herufi W ikifuatwa na baiti ya adresi ya memori, kuanzia 0 mpaka 255, kila mara inarudi herufi moja. Mtego uko kwenye adresi 10, 13, 27 na 43, adapta inazielewa kama amri zake yenyewe, hivyo tanguliza baiti ya ESC (27) kabla ya kila moja, la sivyo faili lako litakuwa na mapengo. Soma memori yote mara mbili, linganisha mafaili, yakilingana ndo washa chuma cha kuchomea.