Handaki la kale au njia ya ng'ombe? Ninavyosoma mistari hafifu kwenye data ya laida

Handaki lililochimbwa miaka 600 iliyopita halibaki handaki. Kingo zinaporomoka, mvua inaurudisha udongo wa tuta shimoni, nyasi zinaota, mifugo inapita, na mwisho wake unabaki mbonyeo wa sentimita 20 uliotandaa mita nane au kumi. Unaweza kuuvuka huku unaongea na simu usihisi chochote. Ndiyo maana sisi tunaotafuta maboma ya kale tunapenda kuitazama ardhi kutoka juu, na huko juu ndiko tunakodanganyika pia.

Laida ni leza inayofungwa kwenye ndege au droni. Inatuma mipigo ya mwanga chini kwa kasi kubwa na kupima muda ambao kila mpigo unachukua kurudi. Penye kichaka, mwanga mwingine unagonga majani, mwingine unapenya na kufika kwenye udongo. Kila mpigo unaorudi unakuwa nukta yenye kimo chake. Programu inazichambua nukta hizo, inatupa za majani na kubakiza za ardhi. Mtego wa kwanza uko hapo. Kichuguu chembamba kinaweza kufutwa kwa kudhaniwa mti, na kichaka kifupi kilichofungamana kinaweza kuachwa kikaonekana kama tuta. Penye msitu mzito, nukta za ardhi zinakuwa chache, kwa hiyo programu inaziba mapengo kwa pembetatu kubwa zenye kingo zilizonyooka, na mgeni anaona kuta. Mimi sisomi ramani kabla sijafungua nukta zenyewe nione ngapi zilifika chini.

Mtego wa pili ni kivuli. Picha ya kijivu ambayo wengi wanaijua ni hesabu tu: kompyuta inaweka jua la kubuni, kwa kawaida kaskazini-magharibi, nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Handaki linalokatiza mwanga huo linang'aa upande mmoja na kuwa jeusi upande wa pili. Lakini handaki linaloelekea kaskazini-magharibi, sambamba na mwanga, linaweza kupotea kabisa. Nalizungusha jua pande zote, kisha natengeneza picha isiyotegemea jua: nalainisha uso wa ardhi, nautoa kwenye uso halisi, na kinachobaki ni vile vimo vidogo vidogo tu, mlima wenyewe ukiwa umeondoka. Mistari mingi "mizuri" inafia hapa. Mingine inafuata mwelekeo wa ndege iliyorusha leza, pale ambapo mapito mawili hayakulingana kimo kwa sentimita chache. Huyo ni mstari wa rubani, si wa mtemi.

Iliyosalia naikata kwa sehemu mtambuka, yaani nachora kimo cha ardhi kutoka upande mmoja wa mstari hadi wa pili, na swali langu ni moja: udongo ulikwenda wapi? Mtu akichimba, lazima amwage mahali. Nikiona mbonyeo wenye tuta pana, hafifu, upande wa ndani, naanza kufikiria boma. Nikiona mbonyeo mtupu usio na tuta lolote, nashuku njia ya ng'ombe. Njia za mifugo zina tabia yake: hazikai peke yake, zinakwenda tatu, nne, kwa sambamba, zinakusanyika kuelekea majini na kutawanyika kama vidole zikifika malishoni.

Magharibi mwa Uganda swali hili lina uzito. Kule kuna Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, ambako mahandaki yana urefu wa zaidi ya kilomita 10 na baadhi yamechongwa hadi kwenye mwamba. Kuna Munsa pia, eneo jingine la mahandaki ya kale. Lakini katika ukanda huohuo wa magharibi, wakulima wanaopakana na hifadhi, kwa mfano Kibale, wamechimba mitaro ya kuzuia tembo. Kwenye picha, mtaro wa tembo uliotelekezwa na kuanza kujaa unafanana mno na handaki la kale. Ninachoangalia ni unavyotembea: unafuata mpaka wa hifadhi kama mlinzi wa zamu, wakati handaki la boma linazunguka kitu fulani, kilima, kivuko au makazi. Na wazee wa hapo huwa wanajua nani alichimba. Waulizeni kabla ya kuandika ripoti.

Umbo linaweza kutoa hata tarehe. Kwa kufundishia natumia data ya England, ambayo wakala wa mazingira wa kule aliifungua kwa umma mwaka 2015. Imejaa matuta ya kilimo cha Zama za Kati, mapana, yaliyopinda taratibu kama herufi S iliyogeuzwa, kwa sababu timu ndefu ya maksai ilianza kukata kona kabla ya kufika mwisho wa shamba. Matuta membamba yaliyonyooka kama rula kwa kawaida ni ya baadaye sana, mara nyingi ya karne ya 19.

Ila picha ya anga haina saa. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna takriban hekta 2,000 za mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na mifereji, yaliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Ukiyaona yote kwa pamoja kwenye skrini, unashawishika kuzidisha hekta kwa midomo na kupata mji mkubwa. Utafiti wa udongo ulionyesha kwamba mashamba hayo yaliongezwa kidogo kidogo, na sehemu nyingine zilijengwa kwa kunasa tope lililoletwa na maji. Hakuna kinachothibitisha kwamba yote yalilimwa msimu mmoja. Kwa hiyo naangalia makutano: mstari upi umekatwa na upi? Uliokatwa ndio uliotangulia. Huo ni mfuatano tu, mwaka haumo.

Mwaka unatoka ardhini. Kwenye ramani zangu kila mstari una alama: hakika, huenda, shaka, na tunaanza kuchimba kwenye "huenda", kwa shimo jembamba linalokata tuta na mtaro kwa pamoja. Tunatafuta mkaa, kwa sababu maabara inaweza kuupima umri. Mkaa wa tabaka la juu la mtaro unaweza kuwa wa moto wa mchungaji wa juzi. Tunaoupeleka maabara ni ule wa chini kabisa, uliogandamana na tope la kwanza kudondoka baada ya wachimbaji kuondoka, na bora zaidi ni ule ulioko chini ya tuta, kwenye udongo waliokuwa wanaukanyaga kabla hawajaanza kazi.