Maji ya Kayabwe yanazungushwa na mkono, si na ikweta

Gari likitoka Kampala kuelekea Masaka, swali huanza kabla hata ya kufika Mpigi: "Ndiyo pale maji yanapogeuka?" Wanauliza wageni kutoka ng'ambo, wanauliza walimu walioleta wanafunzi. Basi tulimalize.

Kayabwe, pale barabara inapovuka mstari wa ikweta, iko kilomita zipatazo 75 kutoka Kampala. Kila upande wa barabara kuna duara kubwa jeupe lililosimama wima, na hapo pana mabeseni matatu yenye tundu katikati: moja kaskazini, moja juu ya mstari, moja kusini. Maji humiminwa, ua hudondoshwa juu yake, ua huzunguka upande mmoja kaskazini, upande wa pili kusini, na juu ya mstari huteremka bila kuzunguka; watu hupiga makofi. Kisha huondoka wakiamini wameiona dunia ikizungusha maji. Hawajaiona.

Nguvu ya Koriolisi, itokanayo na kuzunguka kwa dunia, ipo kweli, na ndiyo inayozipa tufani mwelekeo: kaskazini mwa dunia huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kusini kama mishale ya saa. Lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa. Beseni huisha maji kwa dakika moja hivi. Zaidi ya hapo, juu ya ikweta nguvu hiyo ni sifuri, na ukiondoka kwenye mstari hukua polepole mno; ndiyo maana ni nadra sana tufani kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta. Chukua beseni lililo mita 10 kutoka kwenye mstari na upige hesabu: ardhi iliyo chini yake ingehitaji zaidi ya miaka 1,700 kulizungusha duara moja.

Mwaka 1962 Ascher Shapiro, mhandisi wa chuo cha MIT, Marekani, alifaulu kuiona athari hiyo katika maji yanayotoka tunduni. Tangi lake lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 1.8, maji yaliachwa yatulie saa 24, na mahali penyewe ni nyuzi 42 kutoka ikweta, si hatua kumi.

Kinachogeuza maji ya Kayabwe ni jinsi yanavyomiminwa. Jagi likiinamishwa kwenye ukingo wa kulia, maji yakasukumwa mbele, yote huanza kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukingo wa kushoto, huenda kama mishale ya saa. Katikati, taratibu, huteremka moja kwa moja. Mwanzoni mzunguko huo ni mdogo hata jicho halioni. Maji yakisogea kuelekea tunduni ndipo kasi huongezeka na ua kuanza kucheza. Beseni la kubebwa mkononi ni rahisi zaidi: anayelibeba akigeuza mwili kuwaelekea watu, amekwisha kuyazungusha maji.

Usiniamini mimi. Omba beseni la kaskazini, ziba tundu kwa kidole, mimina ukingo wa kulia, achia. Rudia ukingo wa kushoto. Utapata pande zote mbili bila kusogea hata hatua moja. Mwenye beseni mlipe, ametumia muda wake, ila mwanafunzi asiandike daftarini kwamba hiyo ni jiografia.

Ukitaka kuona jambo la kweli pale, nenda karibu na tarehe 20 Machi au 22 Septemba, jua linapopita juu ya utosi. Ning'iniza jiwe kwenye uzi, simamisha kijiti sambamba na uzi huo, ungoje kivuli kiishe. Usitazamie saa sita: saa zetu zinafuata longitudo ya 45, na Kayabwe iko kwenye 32. Machi ni karibu saa saba kamili, Septemba ni saa saba kasoro robo.

Na wanaosema ukivuka mstari uzito hupungua? Ikweta unapungua kwa karibu nusu asilimia ukilinganisha na ncha za dunia. Kuvuka mstari hakubadilishi chochote.

Si Kayabwe tu ambako wageni hupotoka. Jinja, wengi hutafuta maporomoko ya Ripon, pale mto Naili unapotoka ziwa Viktoria. Yamezama tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Na mnara wa Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Naili, hauko upande wa mji wa Jinja. Uko ng'ambo ya magharibi, Njeru. Unaonyesha mahali aliposimama tarehe 28 Julai 1862, akiutazama mto ambao Wasoga walikuwa wakiuita Kiyira siku zote.

Linaloniuma zaidi ni la Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga: ati wote walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Siku hiyo ndiyo waliyouawa wengi kwa pamoja, lakini mauaji yalianza tarehe 31 Januari 1885 na wa mwisho, Jean-Marie Muzeeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887. Watatu wa kwanza, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega, pale pale kwenye njia ya Masaka ambapo magari hupita mbio kuwahi mabeseni. Mwambie dereva asimame Busega kwanza.